Kofia ya Muda ya Jino: Usafi Uanzie Ukingoni

Jino likishachongwa ili livishwe kofia, yaani krauni, ile ya kudumu huwa bado iko maabara. Mgonjwa huondoka na ya muda, ambayo kwa kawaida hukaa wiki mbili au tatu. Wapo wanaoogopa hata kuigusa kwa mswaki wasije wakaibandua, na hao ndio wanaojitafutia matatizo. Ufizi usiosafishwa huvimba na kutoa damu, na penye damu daktari hawezi kugandisha kofia ya kudumu ikashika sawasawa.

Kofia ya muda kwa kawaida hutengenezwa kwa akriliki au resini nyingine, si kauri. Uso wake ni rahisi kukwaruzika, na kwenye mikwaruzo ndiko ukoga unakojishika. Wataalamu wa meno hutumia kipimo cha mikromita 0.2: ukwaruzo wa uso ukizidi hapo, bakteria hujikusanya kwa wingi. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, kwa hiyo usidanganywe na mng'ao. Mkaa wa kusaga, majivu, chumvi ya mawe na dawa za kung'arisha meno, vyote viweke kando kwa sasa. Mswaki laini na dawa ya kawaida yenye floraidi vinatosha.

Penye hatari zaidi ni ukingoni, kofia inapokutana na ufizi. Gundi yake imefanywa dhaifu makusudi ili daktari aweze kuitoa, nayo huliwa na mate taratibu na kuacha upenyo. Ile harufu ya karafuu unayoisikia mdomoni ni yujenoli iliyomo kwenye aina nyingi za gundi hiyo. Hutuliza jino, lakini haikuondolei kazi ya kusafisha. Laza mswaki kwa mshazari, nusu kwenye ufizi na nusu kwenye kofia, usugue polepole kwa miduara midogo, asubuhi na kabla ya kulala. Uzi wa meno uingize taratibu, kisha uuvute utokee ubavuni. Ukiurudisha ulikoingilia, unaweza kuondoka na kofia. Anayetumia mswaki wa mti autafune hadi nyuzi zilainike, wala asichokoe ukingo kwa ncha.

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini itumie daktari akikuagiza tu, tena nusu saa baada ya kupiga mswaki, maana dawa ya meno huipunguzia nguvu. Ikitumika muda mrefu huacha madoa ya kahawia.

Na ikibanduka? Isuuze kwa maji baridi safi, uondoe mabaki ya chakula kwa mswaki laini, ndani na nje. Usiichemshe, maana joto huipinda akriliki na haitakaa tena sawasawa. Jiki na spiriti zisiiguse. Iweke kwenye kichupa safi, piga mswaki kisiki cha jino hata kama kinasisimka, kisha mpigie daktari siku hiyohiyo. Gundi ya dukani ni marufuku: ina kemikali zisizofaa kinywani, na hufungia bakteria chini ya kofia iliyokaa upande. Usilale ukiwa umeipachika bila kushika, kwani unaweza kuimeza au kuivuta ikaingia kwenye njia ya hewa.

Ukifika kliniki, uliza kama kofia na jino vitasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kugandishwa upya. Ni haki yako kuuliza, na daktari makini hatakasirika.

Uvimbe, usaha, homa au maumivu yanayopwita usiku hayangojei tarehe ya miadi. Nenda mara moja. Na kama fedha za kofia ya kudumu hazijatimia, mwambie daktari mapema aikague ya muda na kuigandisha upya. Usikae nayo miezi kimyakimya, maana jino huoza chini yake bila wewe kuona.