UKURASA WA AFYA NA USALAMA: Mpira mmoja kwa barabara mbili



Somo letu la leo si la malaria wala la maji safi. Ni juu ya mipira ya motokari. Usishangae kuona mganga anaingia katika kazi ya fundi wa garaji. Sehemu ya mpira inayogusa barabara, kwa kila gurudumu, inakaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyobeba motokari, mzigo, wewe na watoto wako. Vikishindwa kushika, motokari inapelekwa garaji, lakini watu wanaletwa kwetu.

1. Kwa nini tunazungumza juu ya jambo hili

Motokari za hapa Mbau zinapita barabara za namna mbili. Kwenye njia ya Kamango na vijia vya kwenda machimboni ni udongo, mashimo na matope. Upande mwingine kuna lami, yaani gudroni kama tunavyosema hapa. Mwaka 2021 Kongo na Uganda zilianza kazi ya kujenga barabara za lami, ikiwamo ile ya Kasindi hadi Beni na ile ya Beni hadi Butembo. Ng'ambo ya mpaka, kutoka Mpondwe hadi Kasese, lami iko tangu zamani. Kwa hiyo motokari moja inaweza kutoka kwenye matope asubuhi, na mchana ikakimbia kilometa 80 kwa saa. Mpira uliofaa asubuhi waweza kuwa hatari mchana.

2. Tabia za mipira

Mpira wa lami una mifereji myembamba. Sehemu kubwa yake inagusa barabara, kwa hiyo unashika vizuri na motokari inasimama upesi. Mvua ikinyesha, mifereji inatoa maji chini ya gurudumu. Lakini ukiingia matope, mifereji inajaa mara moja, na mpira unateleza kama ganda la ndizi.

Mpira wa matope, wenye herufi M/T, una meno makubwa yaliyoachana. Unauma udongo na kuutema. Lakini juu ya lami ni meno tu yanayogusa. Yanapinda, yanapata moto, yanaisha upesi, na motokari inachelewa kusimama, hasa lami ikiwa na maji.

Mpira wa kati, wenye herufi A/T, unafanya kazi zote mbili, lakini haupiti mwenzake katika kazi yake mwenyewe.

Vijana wengine wanapenda mipira mipana ya mashindano. Wafikiri kwanza. Kwenye viwanja vya lami, motokari za mbio hutumia mipira isiyo na mifereji hata kidogo wakati wa jua; mvua ikinyesha hukimbilia kubadilisha. Katika Safari Rally ya Kenya, iliyoanza mwaka 1953, mpira huchaguliwa kwa kuangalia mawe, vumbi au matope ya siku ile. Shindano lina mafundi na akiba ya mipira. Wewe una minne na mmoja wa akiba.

3. Kanuni ya kuchagua

Jiulize hivi: mpira huu ukishindwa, nitapatwa na nini, na mahali gani?

Kwenye matope mwendo ni kilometa 20 kwa saa. Ukishindwa, mara nyingi unakwama. Kwenye lami mwendo ni 80. Ukishindwa, unapinduka au unagonga. Kumbuka pia kwamba mwendo ukizidi mara mbili, toka 40 hadi 80, nafasi ya kusimama baada ya kukanyaga breki inazidi mara nne. Kwa hiyo mtu anayepita lami mara nyingi na matope mara chache achague mpira wa kati, wala asinunue meno makubwa kwa sababu yanapendeza.

Lakini kukwama nako si mchezo. Motokari inayobeba mama mwenye kutoka damu baada ya kuzaa haiwezi kungoja watu wa kuisukuma. Tena kukwama porini jua likizama, kila mtu wa Mbau anajua maana yake. Motokari ya wagonjwa au ya machimbo inayoishi kwenye udongo ipewe mpira wa matope. Ikifika kwenye lami, shoferi apunguze mwendo na kuacha nafasi kubwa mbele yake. Mpira usioshika vizuri unasaidiwa na mguu mwepesi.

4. Soma ubavu wa mpira kabla ya kulipa

Tuseme umeandikwa 265/70R16 112S. 265 ni upana kwa milimeta. 70 ni urefu wa ubavu, asilimia 70 ya upana ule. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. 16 ni kipimo cha chuma cha gurudumu kwa inchi. 112 maana yake mpira huo unabeba hadi kilo 1120. S ni mwendo usiopita kilometa 180 kwa saa. Namba ya uzito ndiyo watu wanaidharau, na ndiyo inayopasua mipira ya motokari zilizojazwa magunia na watu. Usinunue namba iliyo chini ya ile inayotakiwa kwa motokari yako.

Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa okazi waweza kung'aa kwa rangi nyeusi huku umezeeka. Ukiona nyufa ubavuni au uvimbe, uache. Ukiona mchoro wa mlima wenye nyota ya theluji, ujue umetengenezwa kufaa hata kwenye theluji: mara nyingi ni laini, na kwenye lami yenye joto waweza kuisha upesi. Rahisi huwa ghali.

Mwisho pima mifereji. Ulaya sheria inakataza kushuka chini ya milimeta 1.6. Kwa mvua zetu usingoje kufika hapo. Ikibaki milimeta 3, anza kutafuta mingine.

5. Upepo

Pima upepo asubuhi, mpira ukiwa baridi. Kipimo kiko kwenye kibao karibu na mlango wa shoferi. Wengine hupunguza upepo ili kupita matope. Ni sawa, lakini ukifika kwenye lami, simama ujaze tena. Mpira wenye upepo kidogo unapinda ubavu, unapata moto, halafu unapasuka. Usichanganye mpira wa lami na wa matope kwenye ekseli moja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa juma moja, unapita kilometa ngapi za lami, na ngapi za matope?
2. Mpira wako unabeba kilo ngapi?
3. Ulitengenezwa mwaka gani?
4. Mara ya mwisho kupima upepo ilikuwa lini?

Ukikosa jibu moja, nenda ukatazame leo kabla ya kuwasha mota. Heri fundi akuone mara kumi kuliko sisi tukuone mara moja.