Mashine ni mdai, si kadhi

Sisi wakazi wa Kurasini malori ndiyo majirani zetu. Usiku na mchana yanaingia na kutoka bandarini. Madereva wakikaa kijiweni kunywa kahawa, mazungumzo hayakosi deni la trafiki. Askari anaingiza namba ya gari, mashine inajibu: linadaiwa. Nani alikuwa anaendesha siku hiyo? Mashine haijui. Inayoijua ni namba tu.

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tujifunze jambo moja. Mashine ikisema fulani ana kosa, hayo ni madai au ni hukumu?

Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri: al-aslu baraatu dhimma, yaani asili ya mtu ni kuwa hana dhima. Anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Katiba yetu nayo, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

Atatokea wa kuuliza: kompyuta haina chuki wala haipokei rushwa, sasa tatizo liko wapi? Swali zuri. Tutazame Uingereza. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na udanganyifu wa hesabu. Ushahidi ulitoka kwenye programu iitwayo Horizon, iliyoonyesha fedha zimepungua. Baadaye ikadhihirika kuwa programu yenyewe ilikuwa na kasoro. Kumbe watu walikwishafungwa, wengine wamefilisika.

Ilikuwaje? Mwaka 1999 Bunge lao lilifuta sharti la mshtaki kuthibitisha kuwa kompyuta ilifanya kazi sawasawa. Mahakama zikachukulia kuwa iko sawa mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Mzigo ukahamia kwake. Hebu tujiulize, mtu wa kuuza stempu angewezaje kuichunguza kompyuta ambayo si yake? Mwaka 2024 Bunge hilo hilo lilitunga sheria ya kuzifuta hukumu hizo.

Hapa jirani, Uganda, Juni 2025 kamera za barabarani zilianza kuwatoza faini wenye magari kupitia ujumbe wa simu. Kilio kilikuwa kikubwa, na mwezi huo huo serikali ikausitisha mpango huo kwa muda.

Sisemi kamera ziondolewe. Mwendo kasi unaua, na anayevuka barabara kwa miguu ana haki yake. Nasema mashine ni mdai, basi ikae upande wa mdai. Anayetuhumiwa aonyeshwe picha, saa na mahali. Apewe nafasi ya kukana mbele ya binadamu asiyenufaika na faini hiyo. Na shaka ikibaki, mzigo ubaki kwa anayedai.

Haya si maombi ya upendeleo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki ya mtu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine pasipo mkono wa binadamu. Wangapi kati yetu tumeisoma? Haki isiyojulikana haidaiwi.

Kwa hiyo, ukiletewa deni, usilipe kwa hofu wala usikimbie. Uliza: lini, wapi, na nani alikuwa anaendesha? Kama kosa ni lako, lipa, maana kukwepa haki ya watu nako ni dhulma. Kama si lako, kana, na udai ushahidi.

Wallahu aalam.