Mtoto wa Jicho Katika Miopia Kali: Kuchagua Nukta ya Kuona

Mtoto wa jicho ni hali ya lenzi ya jicho kupoteza uangavu wake na kuingia ukungu. Tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyofifia hutolewa, na mahali pake hutiwa lenzi ndogo ya plastiki. Kwa mtu ambaye tangu ujana haoni mbali, upasuaji huo huzusha swali ambalo pengine hajapata kuulizwa: baada ya kupona, angependa aone umbali gani bila miwani? Makala haya yaeleza kwa nini swali hilo haliepukiki, na jinsi hesabu ya darasani isaidiavyo kulijibu.

Jicho refu

Katika jicho la kawaida, urefu kutoka konea hadi retina ni milimita 24 hivi. Katika miopia kali jicho limerefuka, mara nyingi kupita milimita 26. Miali ya mwanga itokayo mbali hukutana kabla ya kuifikia retina, na taswira huwa na ukungu. Miwani ya lenzi mbonyeo huitawanya miali hiyo kiasi, ili ikutane mahali panapotakiwa.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, yaani 1 gawanya kwa urefu wa fokasi katika mita. Kutokana na hayo hupatikana kanuni nyepesi:

Nukta ya mbali (sentimita) = 100 ÷ dayopta za miopia

Nukta ya mbali ni umbali wa mwisho ambao jicho lenye miopia huweza kuona vizuri bila miwani. Mwenye miopia ya -12 huona vizuri hadi sentimita 8 tu hivi.

Funzo la mwaka 1949

Daktari Mwingereza Harold Ridley ndiye aliyetia lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho, mjini London, mwaka 1949. Lenzi ile iliigizwa umbo la lenzi ya asili, lakini plastiki hupinda mwanga kwa nguvu zaidi. Matokeo yake, mgonjwa alibaki na miopia ya dayopta -18 hivi. Tangu hapo ilidhihirika kwamba haitoshi lenzi kuwa angavu. Hapana budi nguvu yake ikokotolewe kwa kila jicho. Jicho la kawaida huhitaji lenzi ya dayopta 20 hivi. Jicho refu sana huweza kuhitaji chini ya 10, hata sifuri.

Kuchagua shabaha

Lenzi ya kawaida ya plastiki haibadili umbo lake kama ifanyavyo lenzi ya kijana. Huona vema umbali mmoja. Kwingine husaidiwa na miwani. Shabaha zinazochaguliwa zaidi ni hizi:

(a) Dayopta 0. Mgonjwa huona mbali bila miwani, lakini huhitaji miwani ya kusomea.

(b) Dayopta -0.5. Nukta ya mbali ni mita 2. Hii ni akiba dhidi ya kosa la hesabu. Kanuni nyingi, zikitumiwa kwa jicho refu sana, huelekea kuliacha upande wa chanya, ambako jicho lisiloweza kubadili fokasi halioni vizuri umbali wowote bila miwani.

(c) Dayopta -2.5. Nukta ya mbali ni sentimita 40. Mgonjwa husoma bila miwani, na huvaa miwani myembamba atembeapo.

Wengi hudhani kwamba (a) ndiyo bora kwa kila mtu. Tuchukue mfano wa fundi saa mwenye miopia ya -12. Miaka yote amekuwa akivua miwani ili aone skrubu ndogo kabisa. Akiwekewa 0, ataona milima ya mbali, lakini hataiona skrubu mkononi mwake pasipo miwani. Kuvaa miwani barabarani hakukuwa taabu kwake. Kuivaa kazini kutakuwa jambo geni. Kwa mtu huyu (c) yaelekea kufaa zaidi. Dereva aweza kuchagua vingine. Basi hesabu huonyesha matokeo ya kila shabaha, bali uchaguzi hutokana na kazi na mazoea ya mgonjwa.

Jicho la pili

Fundi huyo akipasuliwa jicho moja na kuwekewa 0, jicho la pili hubaki na -12. Lenzi ya miwani ya -12, ikiwa milimita 12 mbele ya jicho, hupunguza taswira kwa asilimia 13 hivi. Ubongo hushindwa kuunganisha taswira mbili za ukubwa tofauti. Watu wengi hawavumilii tofauti inayozidi dayopta 3 katika miwani. Kwa hiyo mpango wa macho yote mawili hufanywa kabla ya upasuaji wa kwanza. Jicho la pili hupasuliwa mapema, au huvishwa lenzi ya kubandika juu ya konea.

Lisilobadilika

Upasuaji hubadili lenzi, haufupishi jicho. Retina iliyonyooshwa hubaki katika hatari ya kubanduka. Mgonjwa aonapo vimulimuli, madoa mengi ya ghafla au kivuli kama pazia, na aende kwa daktari siku hiyo hiyo.

Maswali

1. Mgonjwa amebaki na dayopta -2. Tafuta nukta yake ya mbali.
2. Mwalimu aliyewekewa 0 ataka kusoma kitabu kilicho sentimita 33 kutoka machoni. Atahitaji miwani ya dayopta ngapi?
3. Mshonaji na nahodha wana miopia sawa. Jadili shabaha inayofaa kwa kila mmoja.