Somo la Kumi na Moja: Posho ya Mwenyekiti



Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Zanzibar ilijenga nyumba za ghorofa Kikwajuni, Kilimani na Michenzani. Ilijenga na shamba pia, kama Bambi na Makunduchi. Katika nyumba hizo kila mtu ana mlango wake, lakini ngazi, paa na tangi la maji ni vya wote. Mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya majengo ya namna hiyo. Kila mtu humiliki sehemu yake, na vitu vya wote husimamiwa kwa pamoja. Hapo ndipo inapohitajika kamati.

Wajumbe huanza kwa kujitolea. Tuchukue mfano. Jengo lina nyumba 24, na kila nyumba hutoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwenyekiti hupanda na kushuka ngazi akidai michango. Bomba likipasuka usiku, yeye ndiye anayeamshwa. Mwaka wa pili anachoka. Kamati inakutana, watu watano tu, na kuandika: Mwenyekiti apewe posho ya shilingi 30,000 kwa mwezi, Katibu 20,000. Mwezi huo huo pampu inaharibika. Fundi anayeitwa ni shemeji yake Mwenyekiti, naye anataka shilingi 94,000.

Je, Mwenyekiti ni mwizi? Usikimbilie kusema hivyo. Huenda kazi yake inastahili zaidi ya hizo. Darasani kwangu mama mmoja aliuliza, "Kwani mwalimu, mtu afanye kazi ya watu, na yeye asile?" Ni swali la haki. Asiyepewa chochote mwisho huiacha kazi, au hujilipa kwa siri.

Kosa liko pengine. Walioomba posho ndio walioikubali. Na anayepaswa kumwambia fundi "bei yako ni kubwa" ni mtu anayekula naye sikukuu. Mtu huyo ana maslahi mawili, ya wenzake na ya kwake, nayo yanavutana. Huo ndio mgongano wa maslahi.

Wazee wa Mji Mkongwe wanalijua jambo hili kwa njia ya wakfu. Msimamizi wa wakfu anaweza kupewa ujira wa kazi yake. Lakini hajipangishi nyumba ya wakfu kwa kodi aliyoikadiria mwenyewe.

Basi posho ipangwe na mkutano wa wenye nyumba wote. Anayehusika atoke nje wakati inapojadiliwa. Kiasi na muda wake viandikwe. Kuhusu fundi, itakiwe bei kwa mafundi watatu. Mwenyekiti atangulie kusema, "Huyu ni shemeji yangu," kisha awaachie wengine waamue. Shemeji akiwa na bei nzuri na mkono mzuri, apewe kazi!

Nawe zamani ulitia dole gumba chini ya hesabu usizozijua. Sasa unasoma. Omba daftari la mshika fedha, ulisome kabla ya kutia sahihi. Akikasirika, mwambie unafanya zoezi la mwalimu.

MASWALI

1. Nyumba 24 zikitoa shilingi 5,000 kila moja, jumla ni ngapi?

2. Posho mbili zikitolewa, zinabaki ngapi?

3. Kila nyumba iongeze ngapi ili fundi alipwe?

4. Kijijini kwako, nani alipanga posho za kamati ya maji?