CHAKULA CHA MBIO NDEFU ZA MLIMANI

Leo tunajifunza habari ya chakula cha njiani. Ni chakula cha mtu anayekimbia mbio ndefu, kupanda na kushuka milima. Labda wewe hukimbii. Lakini mwanao anakimbia, au wewe mwenyewe unatembea kutwa nzima kwenda shamba la mbali. Mwili ni ule ule.

Mwaka 2006 Mtanzania mwenzetu, Simon Mtuy, alipanda Mlima Kilimanjaro mbio hadi kileleni na kurudi chini kwa muda usiofika saa 10. Kilele kile kina mita 5,895. Watu wengi huchukua siku tano au zaidi. Tena chakula chake na maji yake alibeba mwenyewe. Basi mtu wa namna hiyo hachukui chakula ovyo ovyo.

Kwa nini ale njiani? Mwili hutunza nguvu za wanga katika misuli na katika ini. Hilo ni ghala, lakini ghala dogo. Ukikimbia kwa nguvu, baada ya saa moja na nusu au mbili linaanza kuwa tupu. Miguu inakuwa mizito, kichwa kinazunguka, mtu anakaa chini. Hata kama jana usiku alishiba ugali! Kwa hiyo mkimbiaji anakula kidogo kidogo kabla njaa haijamkamata. Wataalamu wanashauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi mbivu moja ya kadiri ina gramu 25 hivi.

Ndizi mbivu ni nzuri sana. Viazi vitamu vilivyochemshwa pia, na asali. Hivi vinapita upesi tumboni. Muwa unafaa, ila kuutafuna huku unapanda mlima ni kazi nyingine.

Na karanga je? Hapa kwetu Nachingwea karanga zina historia. Waingereza walikuja na matrekta miaka ya 1940 kulima karanga nyingi, na mwaka 1951 mpango ule ukaachwa. Mkulima wa jembe la mkono anaendelea kuzilima. Karanga zina mafuta mengi, kwa hiyo zinakaa tumboni muda mrefu. Anayetembea polepole zinamfaa. Anayekimbia ale chache tu, nyingine azile akifika. Korosho na ufuta ni hivyo hivyo. Karanga yenye ukungu usile kabisa, maana ukungu ule una sumu.

Sasa tuje kwenye muhogo. Hapa naomba usome polepole.

Muhogo uliopikwa vizuri una wanga mwingi. Lakini watu wengi wana desturi ya kung'oa muhogo njiani na kuutafuna mbichi. Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi. Wakati wa ukame sumu huongezeka, hata katika muhogo tunaouita mtamu. Mtu akila muhogo usiotayarishwa vizuri kwa wiki nyingi, bila mboga kama mbaazi, choroko au dagaa, anaweza kupata ugonjwa wa konzo. Miguu yote miwili inapooza ghafla, na haiponi. Mara nyingi huanza baada ya kutembea mwendo mrefu au kufanya kazi ngumu. Ugonjwa huu ulitokea Tarime mwaka 1985, na baadaye Mtwara, jirani zetu. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama.

Dawa hakuna, kinga ipo. Chukua unga wa muhogo, uloweshe kwa maji, utandaze mwembamba usiozidi sentimita moja juu ya mkeka. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu inatoka hewani. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo, unga usichache. Muhogo wa kubeba njiani uwe wa aina tamu, umemenywa na kuchemshwa nyumbani.

Maji usisahau. Jasho hutoa maji na chumvi. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, siyo vya kilima. Kunywa ukiwa na kiu, usijilazimishe ndoo nzima, maana maji kupita kiasi nayo yanadhuru. Uraka wa mabibo siyo maji. Uache mpaka siku nyingine.

Maswali ya kujadili na wenzako:

Asha atakimbia saa tatu. Anataka gramu 50 za wanga kila saa. Abebe ndizi ngapi?

Katika kijiji chenu, muhogo mchungu mnautayarishaje? Unachukua siku ngapi? Mwaka wa njaa, je, siku hizo zinapunguzwa?