Kubadili Rejeta Ndogo ya Hita Katika Motokaa Kuukuu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika Fizikia tumefundishwa namna joto linavyosafiri kutoka kitu kimoja hadi kingine. Wengi wetu huyaandika maneno hayo kwa ajili ya mtihani, kisha huyasahau. Leo nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu juu ya kifaa kimoja ambacho ndani yake somo hilo huonekana wazi, nacho ni hita ya motokaa. Na hasa namna ya kuitengeneza inapovuja. Kazi hii niliiona na kuisaidia likizo ya Juni, katika karakana ya mjomba wangu huko Njombe, kwenye pikapu kuukuu ya mzee mmoja mchuuzi wa viazi.

Mkaaji wa pwani huenda akauliza, hita ya nini? Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya bahari, na Makete ina sehemu zilizo juu zaidi. Mwezi wa Juni na Julai alfajiri huwa na baridi kali, na mahali pengine umande huganda ukawa sakitu. Pumzi za watu waliomo garini hugusa kioo kilicho baridi zikageuka matone, na dereva haoni njia. Hewa ya moto itokayo katika hita ndiyo inayokausha kioo hicho. Kwa hiyo katika nchi ya milima hita si anasa.

Hita ni kitu gani?

Maji yanayopoza injini hupata joto jingi. Pampu huyasukuma mengi yao kwenye rejeta kubwa iliyo mbele ya gari, ili upepo uyapoze. Sehemu ndogo hupita katika mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hiyo ina vijia vyembamba na mapezi mengi ya shaba au alumini, madini yapitishayo joto upesi. Feni hupuliza hewa katikati ya mapezi hayo, nayo hewa huingia garini ikiwa na moto. Basi joto la hita halina gharama: ni joto ambalo lingetupwa nje bure.

Kwa nini huvuja?

Maji ya rejeta yafaa yachanganywe na kulanti. Dawa hii huzuia kutu, tena huzuia maji yasigande wala yasichemke upesi. Nguvu yake ya kuzuia kutu huisha kwa miaka. Mwenye gari akizidi kuongeza maji ya mtoni peke yake, chumvi na kutu hula vijia vile vyembamba taratibu mpaka vikatoboka. Wengine hutia yai au pilipili manga ili kuziba tundu. Huenda tundu likazibika kwa siku chache, lakini na njia za maji nazo huziba.

Dalili zake ni hizi: zulia la upande wa abiria hulowa; harufu kama ya utamu husikika hita ikiwashwa; kioo hupata ukungu wenye mafuta usiofutika vyema; na maji ya rejeta hupungua ingawa chini ya gari ni pakavu. Ukitaka kujua kama ni maji ya mvua au ya hita, yaguse kwa vidole. Yenye kulanti huteleza. Lakini usiyaonje kamwe. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni tamu nayo ni sumu iwezayo kumwua mtoto au mbwa.

Kuunganisha au kubadili?

Yule mzee alikuja akiomba mipira miwili iunganishwe kwa bomba fupi, maji yasifike kwenye hita tena. Aliogopa gharama, na wiki ile alikuwa na ada ya shule ya kulipa. Ni kweli kwamba gari litakwenda vizuri, na huko kwenye joto wengi hufanya hivyo. Lakini mzee huyu huondoka Makete saa kumi na moja alfajiri, na mkewe na mjukuu huketi mbele pamoja naye. Alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja, na wa pili akifuta kioo kwa kitambaa.

Mjomba alimwambia, "Mzee wangu, bomba hili nitakutilia hata bure, ila ukungu utabaki pale pale. Na njia ile ina makorongo." Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna kilichotumika. Kilipatikana kimoja kutoka gari lililovunjwa, kwa bei nafuu sana kuliko kipya. Mjomba alikizamisha katika karai la maji, akaziba tundu moja na kupuliza hewa taratibu katika la pili. Hakikutoa hata povu moja. Ndipo tukaanza kazi.

Namna ya kufanya

1. Acha injini ipoe kabisa. Kwenye milima ya Njombe maji huchemka yapatapo nyuzi 93 hivi za Sentigredi, lakini kifuniko cha rejeta huyabana yakapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua yangali moto, mbano huondoka, maji huchemka ghafula na kuruka usoni. Maji hayo huunguza vibaya sana.

2. Ondoa waya wa hasi wa betri. Kinga maji ya rejeta katika chombo, ukakifunike.

3. Tia alama kwenye mipira miwili ya hita, ujue upi wa kuingiza na upi wa kutoa. Ukiwa umegandamana usiuzungushe kwa nguvu, maana mirija ya hita ni laini. Upasue kwa kisu kwa urefu, ukanunue mwingine.

4. Ndani ya gari, fungua kisanduku cha dashibodi na vifuniko vya chini. Weka skrubu za kila sehemu katika kikopo chake. Katika gari nyingine sharti dashibodi nzima itoke. Gari likiwa na kipoza hewa, usifungue mabomba yake ya gesi. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vyombo vyake.

5. Tandika matambara, kisha vuta rejeta ndogo polepole. Ilinganishe na ile nyingine kwa urefu, upana na mirija. Zungushia sponji pembeni, ili hewa isipite kando.

6. Kabla ya kufunga mipira, pitisha maji safi katika njia za injini mpaka yatoke meupe. Yetu yalitoka mekundu kama udongo wa barabarani.

7. Funga mipira kwa klipu mpya, kisha jaza kulanti na maji yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu.

8. Toa hewa. Simamisha gari pua ikielekea juu, weka hita kwenye moto kabisa, na uwashe injini iliyo baridi huku kifuniko kikiwa wazi. Mipira ikiminywa, mapovu hutoka. Ongeza maji kadiri yanavyoshuka, kisha funga kifuniko kabla hayajaanza kuchemka. Hewa ikibaki ndani, hita hupuliza baridi, na injini yaweza kuungua.

9. Usirudishe dashibodi bado. Acha injini ifanye kazi nusu saa, upapase viungo vyote kwa karatasi kavu. Ikibaki kavu, ndipo urudishe vyote.

Kazi hii ilituchukua siku mbili, na ile ya kubadili chombo chenyewe haikuzidi saa moja. Muda mwingine wote ulikwenda katika kufungua na kufunga. Siku ya tatu mzee alipita akielekea sokoni, kioo chake kikiwa cheupe pande zote mbili, na mjukuu amelala usingizi juu ya zulia kavu.

Wazazi wenye magari ya zamani nawashauri jambo moja dogo: fungueni kifuniko cha rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi, mtazame rangi ya maji. Yakiwa na rangi ya kutu, yabadilisheni mapema. Lita chache za kulanti ni bei ndogo kuliko siku mbili za fundi.