Dawa ya kupuliza ya mba: Ilenge ngozi, si nywele

Bila shaka unamjua mtu aliyeacha kuvaa koti jeusi kwa sababu ya unga mweupe unaomwagika mabegani. Huko Manyatta, katika kaunti ya Embu, baridi ya kati ya Juni na Agosti inapokuja na ukungu kutanda juu ya mashamba ya chai kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tatizo hili huwazidi wengi. Watu huvaa kofia za sufu na vilemba kutwa nzima, huosha vichwa kwa nadra kwa kuogopa maji baridi, kisha hupaka mafuta kwa wingi wakidhani kwamba ngozi ya kichwa imekauka.

Kichwa kinapozidi kuwasha, mtu hukimbilia duka la dawa mjini Embu na kurudi na chupa ya kupuliza. Baada ya majuma mawili hulalamika kwamba dawa ni bure. Mara nyingi dawa yenyewe haina kosa. Ilipulizwa juu ya nywele na haikufika kwenye ngozi, au iliachwa mapema mno, au ugonjwa aliokuwa nao mtu huyo haukuwa mba hata kidogo. Leo tutajifunza namna ya kutumia dawa hii ipasavyo, na jinsi ya kujua wakati ambapo haifai.

MBA NI NINI?

Ngozi ya kichwa, sawa na ngozi ya mwili mzima, hujibadilisha kila wakati. Seli kuukuu hufa na kubanduka, nazo mpya huchukua nafasi yake. Kwa kawaida vipande hivyo huwa vidogo mno hata havionekani. Kwa mtu mwenye mba kazi hii huenda mbio kupita kiasi, na seli hubanduka zikiwa zimegandamana kama magamba.

Mambo matatu hukutana hapo. La kwanza ni mafuta yanayotolewa na tezi za ngozi. La pili ni kuvu iitwayo Malassezia, ambayo jina lake limetokana na Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyeieleza mnamo 1874. Kuvu hii huishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, awe msafi au mchafu. Hula mafuta ya ngozi na kuacha mabaki ya asidi ambayo huichoma ngozi. La tatu ni mwili wenyewe: kuna watu ambao ngozi yao hustahimili asidi hiyo bila shida, na kuna wengine ambao ngozi yao huchukizwa nayo. Ndiyo sababu ndugu wawili hulala chumba kimoja na kutumia sabuni moja, mmoja akawa na mba na mwingine asiwe nayo.

Kwa hiyo mba si dalili ya uchafu, wala haiambukizwi kwa kitana. Takriban nusu ya watu wazima hupatwa nayo wakati fulani maishani. Huanza zaidi wakati wa kubaleghe, tezi za mafuta zinapoamka, na huwapata wanaume kuliko wanawake.

INAPOZIDI

Mba ikipanda daraja, madaktari huiita dematitisi ya seborea. Hapo magamba huwa mazito, ya manjano na yenye mafuta, na ngozi iliyo chini yake huvimba na kuwasha. Ugonjwa hauishii kichwani tu. Hushuka kwenye nyusi, kando ya pua, nyuma ya masikio, kwenye ndevu na katikati ya kifua. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa mtu mweusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Tazama badala yake mabaka yaliyofifia rangi au yaliyoiva zaidi kuliko ngozi inayoyazunguka. Wengi huyadhania kuwa ni baridi iliyomchoma mtu usoni.

Ugonjwa huu huja na kuondoka. Baridi, uchovu, kukosa usingizi na mawazo mengi huuamsha. Dawa huutuliza, lakini haiung'oi kabisa. Anayekuuzia chupa kwa ahadi kwamba hutauona tena ugonjwa huo anakudanganya.

MAFUTA SI TIBA

Wengi hudhani kwamba magamba ni ukavu, na kwamba dawa ya ukavu ni mafuta. Kumbuka kwamba mafuta ndiyo chakula cha kuvu hii. Ukipaka mafuta ya nazi, ya zeituni au ya makopo kila asubuhi na kuyaacha kichwani, unaiandalia karamu. Mafuta yana kazi moja tu hapa: ikiwa magamba ni mazito, yapake kidogo kwa muda wa saa moja ili yalainike, kisha uyaoshe yote kwa shampuu.

KWA NINI KUPULIZA?

Tiba ya kwanza ya mba kwa kawaida ni shampuu yenye dawa. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, kwa mfano, hutumiwa mara 2 kwa juma kwa majuma 2 hadi 4. Huachwa kichwani dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuzwa. Baadaye mtu huitumia mara moja kila juma moja au mawili ili ugonjwa usirudi.

Lakini si kila mtu awezaye kuosha nywele mara mbili kwa juma. Mwanamke aliyesukwa na ambaye anatarajia msuko wake ukae mwezi mzima, au kijana mwenye rasta, huona tabu. Hapa ndipo dawa ya kupuliza inaposaidia. Huwa nyepesi kama maji, hupita kati ya mistari ya msuko, na hukaa kwenye ngozi badala ya kuoshwa baada ya dakika chache.

Chupa hizi hazifanani. Zipo zenye dawa ya kuua kuvu, kama ketokonazoli au zinki pirithioni. Zipo zenye asidi ya salisiliki, ambayo hulegeza magamba. Na zipo zenye steroidi, kama betamethasoni au klobetasoli, ambazo hutuliza uvimbe na mwasho haraka lakini haziui kuvu. Za steroidi zisitumiwe bila idhini ya daktari.

NAMNA YA KUITUMIA

1. Osha kichwa kwanza, ukaushe kwa taulo. Ikiwa umesukwa, changanya shampuu na maji, usugue ngozi kati ya mistari, kisha usuuze vizuri. Dawa inayopulizwa juu ya magamba na mafuta ya juma zima haifiki inakotakiwa.

2. Gawanya nywele kwa kitana hadi uione ngozi. Anza mbele kuelekea kisogoni, mstari baada ya mstari. Kwa sehemu ya nyuma, omba mtu akusaidie.

3. Tikisa chupa ikiwa kibandiko kinasema hivyo. Funika macho kwa mkono. Elekeza mdomo wa chupa kwenye ngozi, kwa umbali ulioandikwa, na upulize kidogo tu. Nywele zikilowa na ngozi ibaki kavu, umepoteza fedha zako.

4. Sugua taratibu kwa ncha ya kidole. Usikwaruze kwa kucha wala kwa kitana. Ngozi iliyochubuka hupenyeza dawa kupita kiasi na huweza kuingiwa na vijidudu.

5. Acha ikauke yenyewe kabla ya kuvaa kofia au kilemba, na usipake mafuta juu yake.

6. Nawa mikono. Dawa ikiingia machoni, yaoshe kwa maji mengi.

7. Andika tarehe uliyoanza. Tumia kwa siku zote ulizoagizwa, hata kama mwasho umekwisha siku ya tatu, na usizidishe siku hizo. Ikiwa majuma manne yamepita bila nafuu, usinunue chupa nyingine. Nenda ukapimwe.

Kumbuka pia kwamba nyingi ya dawa hizi huchanganywa na spiriti. Zitawasha kidogo mahali penye mchubuko, na zaidi ya hayo, hushika moto kwa urahisi. Usipulize ukiwa jikoni karibu na kuni zinazowaka, kibatari, mshumaa au sigara. Katika saluni, usikubali kukaa chini ya mashine ya kukausha nywele kabla dawa haijakauka. Vilevile, ngozi inayowasha na kuvimba isitiwe dawa ya kunyoosha nywele mpaka ipone.

SOMA KIBANDIKO

Mwezi wa Agosti 1997, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, iliwaonya wananchi kuhusu dawa ya ngozi ya kupuliza iliyouzwa kwa jina la Skin-Cap. Kibandiko chake kilitaja zinki pirithioni, na watu waliinunua bila cheti cha daktari. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha kwamba ilikuwa na klobetasoli, mojawapo ya steroidi kali kabisa za kupaka, ambayo haikutajwa kwenye kibandiko. Watumiaji walikuwa wakisifu jinsi ilivyowaponya upesi.

Funzo la kisa hicho bado ni muhimu. Steroidi kali hutuliza ngozi kama miujiza, na ndiyo hatari yake. Mtu hufurahi, huendelea miezi mingi, hushusha dawa hadi usoni, na hatimaye ngozi huwa nyembamba, huota vipele, na ugonjwa hurudi kwa kishindo siku anapoiacha. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu huweza kuyadhuru.

Kwa hiyo, nunua kwenye duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, si kwa mchuuzi wa kituo cha matatu wala sokoni. Hakikisha kwamba chupa imetaja dawa iliyomo, kiwango chake kwa asilimia, jina la mtengenezaji na tarehe ya kwisha muda. Chupa isiyo na maelezo hayo, irudishe.

YANAYOFANANA NA MBA

Hapa wazazi wasikilize kwa makini. Mtoto wa shule ya msingi mwenye mabaka ya magamba kichwani, nywele zikiwa zimekatika au kung'oka hapo, kwa kawaida hana mba. Huenda ana choa, ambayo wengi huiita mashilingi. Choa huambukiza, na kuvu yake hujificha ndani ya unywele ambako dawa ya kupuliza haifiki. Mtoto huyo anahitaji vidonge vya kumeza, kama griseofulvini, kwa majuma kadhaa. Kila siku anayopulizwa dawa ya mba, ugonjwa unaenea kwa wenzake darasani, na uvimbe ukizidi nywele huweza zisiote tena mahali pale.

Mtoto mchanga wa miezi michache naye huweza kuwa na magamba ya manjano utosini. Hayo ni ya kawaida na huisha yenyewe. Mama ayalainishe kwa mafuta kidogo, ayaoshe kwa shampuu ya watoto, ayapige brashi laini. Asimpulizie mtoto dawa ya watu wazima, maana ngozi yake hupenyeza dawa kwa wingi, naye huivuta kwa pumzi.

Magamba mazito, makavu na ya rangi ya fedha, yaliyo pia viwikoni na magotini, huenda ni soriasisi, ambayo ina tiba yake.

LINI UMWONE DAKTARI?

Mkazi wa Kibugu au Kairuri aanze katika kituo cha afya kilicho karibu naye, kisha akihitajika atapewa barua ya kwenda hospitali kuu ya kaunti mjini Embu. Nenda ikiwa ngozi inatoa maji au usaha, ikiwa nywele zinang'oka kwa mabaka, ikiwa una homa au tezi za shingo zimevimba, au ikiwa ugonjwa umeshuka usoni na kifuani.

Jambo moja zaidi lisemwe bila kuficha. Dematitisi ya seborea inayolipuka ghafla kwa mtu mzima, ikaenea sana na kukataa dawa, mara nyingine ni ishara kwamba kinga ya mwili imepungua. Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha miongoni mwa dalili za hatua ya pili ya maambukizi ya virusi vya ukimwi. Haina maana kwamba kila mwenye mba ameambukizwa. Wengi mno hawana virusi hivyo. Lakini kama ugonjwa wako ni wa namna hiyo, omba upimwe. Anayegundua mapema huanza dawa mapema, na mara nyingi ngozi yake nayo hupata nafuu.

JIPIME MWENYEWE

Je, mba huletwa na uchafu? La. Huletwa na mafuta ya ngozi, kuvu, na mwili usioistahimili.

Je, nipake mafuta ili kuiondoa? La. Yatumie kulainisha magamba tu, kisha uyaoshe yote.

Je, dawa ya kupuliza iende wapi? Kwenye ngozi, mstari kwa mstari, baada ya kuosha kichwa.

Je, nikipona niiache kabisa? Maliza siku ulizoagizwa, kisha endelea na shampuu yenye dawa mara moja kila juma moja au mawili, hasa baridi inapokaribia.

Je, niwape watoto wangu chupa hii hii? La. Mtoto apimwe kwanza, kwa maana lake huenda si mba.